Maswali na Majibu: Kulinganisha Namba za Desimali katika Majaribio ya Programu

Swali: Jaribio langu la Python linauliza kama 0.1 + 0.2 ni sawa na 0.3, nalo linafeli. Je, kompyuta ni mbovu?

Jibu: Kompyuta yako ni nzima. Namba hizo huhifadhiwa kwa tarakimu za 0 na 1 pekee, kwa kufuata IEEE 754, kanuni ya mwaka 1985 ya kuhifadhi namba za desimali kwenye kompyuta, na Python hutenga biti 64 (yaani nafasi 64 za 0 au 1) kwa kila moja. Kama vile theluthi moja isivyoisha tunapoiandika kwa desimali, ndivyo sehemu moja ya kumi isivyoisha kwa 0 na 1, kwa hiyo kompyuta huikadiria kwa namba iliyo karibu zaidi, na jumla yako inakuwa 0.30000000000000004. Linganisha 0.5 + 0.25 na 0.75, na jaribio litapita, kwa kuwa nusu na robo huhifadhika kikamilifu.

Swali: Tumefundishwa kukubali jibu lolote lisilopishana na lile sahihi kwa zaidi ya 0.000001. Je, inatosha kila mara?

Jibu: Hapana, na naomba jambo hili lizingatiwe sana, kwa sababu jaribio linalopitisha makosa ni baya kuliko kutokuwa na jaribio. Upana wa atomu ni takriban mita 0.0000000001, kwa hiyo kwa kipimo chenu, programu inayojibu sifuri itapita. Kwenye bilioni kumi hali hugeuka: namba mbili zinazofuatana katika hifadhi ya biti 64 zimeachana kwa karibu 0.0000019, hivyo kipimo hicho hakiruhusu tofauti yoyote. Amueni kwanza jibu linahitaji usahihi kiasi gani, kisha mtumie math.isclose, amri ya Python ambayo hupima tofauti kwa uwiano wa namba zenyewe.

Swali: Mbona math.isclose(math.sin(math.pi), 0) inatoa False?

Jibu: Kwa sababu uwiano hauna maana mbele ya sifuri. Kihesabu jibu ni sifuri, lakini thamani ambayo Python hutoa kwa math.sin(math.pi) ni takriban 1.22e-16 (yaani 1.22 mara 10 kwa kipeo cha -16), na kipimo cha kawaida cha abs_tol, yaani tofauti inayokubalika bila kujali ukubwa wa namba, ni 0.0; kiweke wewe mwenyewe, kwa mfano abs_tol=1e-12.

Swali: Na hesabu za fedha?

Jibu: Hifadhi kiasi chote kwa senti, kama namba kamili. Hapo alama ya ==, inayouliza kama namba mbili ni sawa kabisa, inafaa bila wasiwasi.