Maswali Yenu: Nani atakuja kuangalia Ng'ambo?

SWALI: Asalaam aleikum mhariri. Mie mtoto wa Mwembetanga, nataka kuanza kutembeza watu kwa miguu mitaa ya kwetu Ng'ambo, huku upande wa pili wa Mji Mkongwe hapa Zanzibar, maana Mji Mkongwe wenyewe kila kichochoro kina papasi wake wa kuwaganda wageni. Wenzangu wananicheka, eti nani atalipa pesa kuja kuona mafleti na mabati. Nianzie wapi?

JAWABU: Waalaikum salaam mwanangu. Waache wacheke. Anzia Darajani, katikati ya kelele za soko, waambie watu hapa palikuwa na mkono wa bahari unaotenga mji na ng'ambo, na daraja lilikuwepo kweli, maji yakaja kufukiwa na leo daladala zinapita juu yake, utaona hata wenyeji wanavyoshangaa. Kisiwandui pita kwa adabu, ndipo alipouliwa Mzee Karume, rais wa kwanza wa Zanzibar, tarehe 7 Aprili 1972 na kaburi lake liko hapohapo, eleza kilichotokea basi, siasa waachie wenyewe.

Michenzani ndio usiharakishe. Yale mafleti marefu tunayoyaita majumba ya treni yalichorwa na wataalamu wa Ujerumani Mashariki, yakasimamishwa palipokuwa na nyumba za udongo za watu, sasa usimame na wageni chini ya jengo wazione nguo zilizoanikwa ghorofa hadi ghorofa, halafu mtafute mzee mmoja aliyehamishwa (muombe mapema, na umpe chake, sio asante tu) awaelezee kwao kulikuwaje kabla ya fleti. Hayo hata ukaremba vipi huwezi kuyasema wewe.

Na mwaka 1928 usiuache hata kidogo. Mwaka ule watu wa Ng'ambo waligoma kulipa kodi ya viwanja walivyojengea, na wanawake walikuwa mbele khasa, na mwaka huohuo Siti binti Saad, yule mwimbaji wa taarab aliyekuwa akiishi hukuhuku, akenda Bombay kurekodi sahani za santuri kwa Kiswahili. Mie hapo tu ningelipa.

Mengine madogo: sheha, yule kiongozi wa serikali mtaani, apate habari mapema, picha za watu mpaka waulizwe, wageni wajisitiri, na utoke baada ya alasiri jua likishapoa, Ijumaa mchana usijaribu. Leseni ya kutembeza wageni inatoka Kamisheni ya Utalii, ifuatilie kabla hujapokea hata shilingi ya mtu.