Betri mpya, injini imeanza kuzimika

Swali: Mafundi, habari za kazi. Nilitoa betri iliyochoka nikafunga mpya ya ukubwa uleule. Tangu hapo, kila nikisimama mshale wa mizunguko unashuka hadi 400, gari linatetemeka, na mara nyingine linazimika kabisa. Nikikanyaga mafuta linakwenda vizuri. Kabla ya hapo halikuwa na shida. Nimeambiwa kontroli boksi imekufa, ninunue nyingine. Ni kweli?

Jibu: Salama, ndugu msomaji. Tafadhali usinunue chochote kwanza. Kontroli boksi, yaani kompyuta ya injini, ikifa, mara nyingi gari haliwaki kabisa. Yako ni nzima, ila imesahau.

Kompyuta ya injini hujifunza. Vua mpira mkubwa wa hewa unaoingia kwenye throtli (mlango wa kuingizia hewa kwenye injini), mulika kwa tochi: pembeni mwa kile kisahani cha duara utaona pete nyeusi ya masizi. Pete hiyo huziba upenyo mwembamba ambao hewa ya sailensi (injini ikiunguruma bila kukanyaga mafuta) hupitia. Kompyuta ikiona hewa inapungua, hukifungua kisahani kidogo zaidi na kukihifadhi kipimo hicho. Hufanya hivyo polepole, kwa miaka, bila dereva kuhisi lolote. Betri ikifunguliwa, kumbukumbu inafutika na kisahani kinarudi kwenye kipimo cha throtli safi, wakati masizi bado yapo palepale. Hewa haitoshi, injini inakabwa. Ukikanyaga mafuta kisahani kinafunguka zaidi, ndiyo maana barabarani huoni tatizo.

Kabla ya kusafisha, kagua kila mahali palipoguswa siku ya kubadilisha betri. Kwenye magari mengi boksi la filta ya hewa liko jirani na betri, na soketi ya sensa ya hewa huachwa bila kubana, au mpira mdogo wa hewa huchomoka. Ukisikia mluzi injini ikiwaka, umeshampata mchawi. Shika vichwa vya betri uvizungushe kwa mkono. Kikicheza hata kidogo, kaza, kwa kawaida ni spana namba 10. Pima kwa mita: betri iliyojaa, gari limezimwa na kupumzika, iwe karibu volti 12.6, injini ikiwaka, kati ya 13.5 na 14.7.

Sasa throtli. Zima swichi, chomoa soketi yake, nyunyizia dawa ya kusafishia throtli kwenye kitambaa laini na ufute pete yote, mbele na nyuma ya kisahani. Usimimine dawa hadi ikaingia kwenye mota. Throtli ya umeme usiisukume kwa bisibisi, kwa sababu gia zake za ndani mara nyingi ni za plastiki, na usiweke kidole humo swichi ikiwa imewashwa. Rudisha kila kitu, kisha toa waya hasi wa betri kwa dakika 15 ili kumbukumbu ianze upya pamoja na throtli safi. Ukiruka hatua hii, huenda sailensi ikapanda hadi 1,500, maana kompyuta bado inafidia masizi ambayo hayapo tena.

Kuifundisha upya kunataka subira. Zima AC, taa na redio. Washa swichi bila kuwasha injini, subiri sekunde 10, zima, subiri tena 10. Washa injini, mguu mbali na pedali ya mafuta, iache ipate moto hadi nyuzi 80 au zaidi, kisha dakika 10 nyingine. Washa AC dakika 5. Halafu endesha kilomita 20 hadi 30 kwa mwendo wa kubadilikabadilika, ukisimama mara kwa mara.

Nissan nyingi hazitosheki na hayo. Zina zoezi lao la kujifunza hewa ya sailensi, linaloanzishwa kwa mashine ya kupimia au kwa kukanyaga pedali kwa hesabu maalumu ya sekunde. Zoezi hilo hukataa kama maji ya injini hayako kati ya nyuzi 70 na 100, kama usukani haujanyooka, au kama volti ziko chini ya 12.9.

Baada ya kilomita 50 hali ikiwa ileile, omba usomewe kwa mashine marekebisho ya mafuta ya muda mrefu, yaani asilimia ya mafuta ambayo kompyuta inaongeza au kupunguza. Yakiwa karibu na sifuri ni vizuri. Yakizidi asilimia 10 juu kwenye sailensi na kushuka ukifikisha mizunguko 2,500, kuna hewa inaingia kwa pembeni. Yakibaki juu hata kwenye mwendo, angalia pampu ya mafuta, filta yake na sensa ya hewa.

Swali: Injini yangu iko sawa baada ya kubadilisha betri, ila giaboksi ya otomatiki inashtuka ikibadilisha gia. Nimwage oili?

Jibu: Hapana, bado. Giaboksi nazo hujifunza namna ya kubana klachi zake, na hilo nalo limefutika. Endesha kwa upole siku tatu nne, ukikanyaga mafuta kidogo kidogo ili gia zote zipite. Mshtuko ukibaki vilevile, pima kiwango cha oili na usome hitilafu kwa mashine kabla ya kufungua boliti yoyote.