Mama hakuajiriwa popote, vumbi la asbesto lililetwa nyumbani: jibu kwa aliyeuliza kuhusu fidia

Pole sana dada yangu. Umeuliza kama mama yako anaweza kudai fidia ya mesotelioma, ile saratani ya utando wa mapafu, wakati aliyeshika asbesto kazini, yale madini ya nyuzinyuzi ya kuzuia joto, ni marehemu baba yako na yeye alikuwa akimfulia nguo tu. Nakujibu kwa yaliyotupata sisi hapa Tabora. Soma hadi mwisho, kuna mambo yana muda wake.

Mzee wetu alikuwa fundi wa maboila na mabomba ya mvuke kwa mkandarasi mmoja, jina naliacha. Kazi yake kubandua asbesto iliyochakaa kwenye mabomba na kufunga mpya. Jioni akirudi nyumbani Isevya, ovaroli imekuwa nyeupe kama ya mtu aliyeshinda mashineni akisaga unga, na sisi watoto tunamkimbilia na kumkumbatia miguuni. Mama alikuwa anaikung'uta kwanza uani ndipo ailoweke, kwa sababu maji yalikuwa ya kubeba kichwani kutoka kisimani na hakutaka beseni zima lichafuke kwa mara moja. Miaka 19 alifanya hivyo, na hakuna mtu aliyemwambia lolote.

Mzee alikufa kwa kisukari. Aliyeugua mapafu ni mama, zaidi ya miaka 30 baada ya kufua ovaroli ya mwisho. Ugonjwa huu mara nyingi hujificha miaka 20 hadi 50. Alianza kuishiwa pumzi, picha ikaonyesha maji upande wa kulia, akaanzishiwa dawa za TB. Akazimaliza zote, miezi 6, maji yakarudi, safari hii yana damu. Muda wote huo hakuna aliyemuuliza mume wake alikuwa anafanya kazi gani! Hilo linaniuma kuliko suala la pesa. Swali hilo alikuja kuliuliza daktari mmoja kijana Dar, na ndiye aliyeagiza kinyama kichukuliwe kikapimwe.

Sasa fidia. Watu wengi watakuelekeza Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, na sisi ndiko tulikofikiria kwanza. Sheria yake ya mwaka 2008, ambayo mfuko ulianza kuitekeleza 2015, inamhusu mfanyakazi aliyeugua kwa sababu ya kazi, na akifa kwa ugonjwa huo, wategemezi wake. Baba yako angekuwa ndiye mgonjwa, ungeanzia huko. Mama yako hakuwa mfanyakazi wa mtu, kwa hiyo njia yake ni kesi ya madai ya uzembe dhidi ya mwajiri wa baba: kwamba alijua au alipaswa kujua hatari, na bado akawaacha mafundi waende nyumbani na vumbi mwilini. Kesi za namna hii zina ukomo wa miaka 3. Waziri wa sheria anaweza kuongeza muda, lakini nyongeza haizidi nusu yake. Usikae kusubiri apate nafuu. Kama wakili ni ghali, kuna watoa msaada wa kisheria chini ya sheria ya 2017, nenda nao waangalie hilo la muda kabla ya jambo lingine lolote.

Kesi yetu ilisimama kwa ushahidi wa vitu vidogo. Kampuni ilidai haina kumbukumbu za mzee. Tukafungua sanduku lake la bati, tukakuta kadi ya NPF, ule mfuko wa akiba wa zamani kabla haujawa NSSF mwaka 1997, pamoja na karatasi za mshahara zilizoliwa na mende pembeni. Hizo ndizo zilizothibitisha kwamba alikuwa wao. Kisha nikaenda Urambo na Nzega kutafuta wazee aliofanya nao kazi. Wawili walikubali kuapa mbele ya kamishna wa viapo kwamba hakukuwa na mahali pa kubadilishia nguo wala kuoga. Mmoja wao alikufa miezi michache baadaye. Hospitali nako omba ripoti ya kinyama kwa maandishi, na uulize kama kile kipande chenyewe bado wamekihifadhi kwenye nta, maana upande wa pili unaweza kubisha kwamba ni saratani nyingine.

Walibisha pia kwamba vumbi la nguo haliwezi kumpa mtu saratani. Wakili wetu aliwajibu kwa utafiti wa Newhouse na Thompson wa London, uliochapishwa 1965: kati ya wagonjwa 76 wa mesotelioma, 9 walikuwa na ndugu aliyefanya kazi ya asbesto, wengi wao wake waliofua nguo za waume zao. Akaongeza kwamba Uingereza tangu 2008 ina malipo kwa watu wa aina ya mama, na Mahakama ya Juu ya California iliamua 2016 kwamba wajibu wa mwajiri unawafikia hata wanaoishi nyumba moja na mfanyakazi. Mahakama zetu hazifungwi na hayo, lakini barua ile ilibadilisha lugha yao. Tulimalizana nje ya mahakama.

Mama hakuyaona. Alikufa kabla, ikabidi kwanza nithibitishwe kuwa msimamizi wa mirathi ndipo niendelee na madai, na hapo tulipoteza miezi. Maelezo yake mwenyewe tuliyaandika akiwa ameshaanza kukatika maneno, kurasa 2 tu. Ningemuuliza mapema ningepata 20. Kaa na mama yako wiki hii: alifulia wapi, mara ngapi kwa wiki, nani mwingine aliona. Amweleze wakili, yaandikwe, aape.

Na kama ovaroli ya baba bado ipo, usiikung'ute wala usiifue. Inyunyizie maji taratibu ilowane, iweke kwenye mfuko wa nailoni, ufunge, uweke kwenye mfuko wa pili, kisha mwambie wakili unayo.