Maswali na majibu: Hewa mnayovuta ndani ya ndege

Maswali ya safari hii karibu yote yanahusu baridi, joto na hewa angani. Nimeyafupisha machache.

Rubani alitangaza kuwa nje ni nyuzi 54 chini ya sifuri. Sasa kiyoyozi cha nini? Si wangefungua tundu tu? (Msomaji, Mwanza)

Tundu lingeleta baridi, sawa, ila hewa yenyewe isingetosha kukuweka hai. Kwenye kimo cha mita 11,000 mgandamizo wa hewa haufiki hata robo ya ule wa usawa wa bahari, na mtu hupoteza fahamu ndani ya dakika moja hivi. Ni lazima hewa hiyo ibanwe kwanza, na hewa ikibanwa hupata moto. Aliyewahi kujaza upepo tairi la baiskeli kwa pampu ya mkono analijua joto hilo.

Katika jeti nyingi, kazi ya kubana hufanywa na injini. Sehemu ya hewa iliyokwisha kubanwa na kompresa, kabla haijakutana na mafuta, huchepushwa kwa bomba ielekee kwa abiria. Ikitoka huko inaweza kuwa na nyuzi 200 au zaidi. Hapo ndipo inapoingia mitambo ya kupozea, kwa kawaida miwili, iliyofichwa tumboni mwa ndege karibu na mabawa. Hewa hupita kwenye rejeta inayopigwa na upepo wa nje, hubanwa tena, hupozwa tena, kisha huachiwa itanuke huku ikizungusha turbini, yaani gurudumu la mapanga. Kutanuka huko huipokonya joto ghafla, hata ikakaribia sifuri. Gesi ya friji haihitajiki.

Boeing 787, ambazo Kenya Airways na Air Tanzania wanazo, hazichoti hewa kwenye injini. Zina kompresa za umeme zinazovuta hewa ya nje moja kwa moja. Lakini kubana ni kulekule, kwa hiyo na kupoza hakukwepeki.

Tukiwa bado chini Dar es Salaam, moshi mweupe ulianza kutoka juu ya madirisha. Watu wakaanza kusali. (Msomaji, Kigamboni)

Sala haina hasara, ila ule ulikuwa ukungu. Hewa ya Pwani, hasa masika yakikaribia, imejaa mvuke. Hewa baridi ya mtambo ikikutana nayo, mvuke hugeuka matone madogo sana yanayoonekana kama moshi. Mlango ukishafungwa na hewa ya ndani ikakauka kidogo, hupotea. Moshi wa kweli hunuka na hutanda. Ukiusikia unanuka, mwite mhudumu bila kuona haya.

Na yale matone yanayoanguka kutoka darini ndege ikishuka? Mara nyingi ni jasho la ndege. Angani bati lake la nje huwa baridi kali, mvuke wa pumzi zenu huganda nyuma ya kuta, kisha huyeyuka mnapofika kwenye joto.

Aliyekaa nyuma kabisa akikohoa, nami niko mbele, si tunavuta hewa moja? (Msomaji, Nakuru)

Hapana, si kwa namna unayoiwazia. Hewa huingia juu na kutokea kwenye nafasi za chini ya kuta, karibu na miguu, katika safu zilezile. Haisafiri sana kutoka mkiani hadi mbele. Takriban nusu yake ni mpya kutoka nje. Iliyobaki ni ya ndani iliyopitishwa kwenye vichujio vinavyonasa asilimia 99.97 ya chembe za ukubwa wa maikroni 0.3 (maikroni ni sehemu ya elfu moja ya milimita). Hewa yote hubadilishwa mara 20 hadi 30 kwa saa, na ya ziada hutolewa nje kupitia vali ambayo kwa kawaida iko upande wa nyuma. Vali hiyo ndiyo pia inayopanga mgandamizo wa ndani, usishuke chini ya ule wa kimo cha mita 2,400 hivi, juu kidogo ya Eldoret.

Lakini nisikudanganye: jirani wa kiti cha pembeni akikohoa, kohozi lake hukufikia kabla ya kufika kwenye kichujio. Kwa huyo, barakoa ina maana.

Kwa nini kiyoyozi hunyamaza wakati ndege inasukumwa nyuma, halafu tunasikia harufu ya mafuta ya taa? (Msomaji, Tanga)

Mashine ndogo iliyo mkiani ndiyo inayowapa hewa mkiwa chini. Wakati wa kuwasha injini, hewa hiyo hiyo hutumika kuzizungusha, kwa hiyo mitambo ya kupozea huzimwa kwa dakika chache. Harufu ni moshi wa injini, zenu au za ndege jirani, ulioingia kwenye mkondo wa hewa. Ikipita haraka, ni kawaida.

Nani anaamua tugandishwe? (Msomaji, Muscat)

Rubani huchagua joto la kila sehemu. Airbus A320 ina sehemu tatu: ya marubani, ya mbele na ya nyuma. Mitambo hupoza kwa kumfuata anayetaka baridi zaidi, halafu sehemu nyingine huongezewa hewa moto kidogo. Kwa hiyo omba tu: wahudumu wanaweza kumwambia rubani, na katika baadhi ya ndege hurekebisha wenyewe nyuzi chache. Wao husimama na kusukuma vitoroli, wewe umekaa. Kwa maoni yangu ndiyo maana mnabishana. Kitundu kilicho juu ya kichwa hupunguza upepo tu, na kiti cha dirishani kitabaki baridi kuliko cha njiani.

Na zile ndege ndogo za Zanzibar? Nililowa jasho! (Msomaji, Morogoro)

Cessna Caravan haibani hewa kwa ajili ya abiria, maana hairuki juu kiasi hicho. Nyingi hutegemea upepo unaoingia kupitia matundu ya nje, na upepo huo huja vizuri ndege ikishakimbia. Mkiwa mnasubiri ruhusa ya kuruka saa saba mchana, mtalowa. Vaa pamba.