CV ya kazi ya ushauri wa kisaikolojia: onyesha unachofanya na mteja, siri yake iache ilipo

Mdogo wangu uliyeuliza kwa nini CV yako haikupi kazi, nimesoma swali lako lote. Umemaliza digrii ya saikolojia, una field, yaani mafunzo kwa vitendo, ya hospitali ya mkoa, umejitolea kituo cha watoto, umetuma CV kila nafasi ya mshauri wa kisaikolojia unayoiona na hakuna anayekuita. Nitaandika kirefu maana hii ndo kazi yangu, nimekuwa mshauri nasaha huku Kanda ya Ziwa, nilianzia CTC, ile kliniki ya wanaoishi na VVU, nikahamia mradi wa manusura wa ukatili, na siku hizi nafasi zikitangazwa ofisini kwetu mimi ni mmoja wa wanaokaa kuchuja maombi.

Cha kwanza ujue kwamba CV ya mshauri haisomwi kama ya mhasibu. Anayeisoma anajiuliza swali moja tu, huyu mtu nikimwacha chumbani na mteja ambaye juzi alijaribu kunywa sumu, atafanya nini? Sasa CV nyingi tunazopokea hazijibu hilo kabisa. Utakuta nusu ukurasa mtu anajisifia, mchapakazi, mwaminifu, nafanya kazi chini ya presha, napenda kusaidia jamii, halafu field ambayo ndo mali yake kubwa kaipa mstari mmoja, "nilitoa ushauri nasaha kwa wagonjwa mbalimbali". Wagonjwa gani? Wa shida gani? Ulikuwa unakaa nao mwenyewe au ulikuwa umekaa pembeni unamwangalia muuguzi? Nani alikuwa anakusimamia? Hatujui, na watu wa kusoma ni wengi, kwa hiyo tunaiweka pembeni.

Huo mstari uandike hivi, nakupa mfano uone: "Kitengo cha afya ya akili, hospitali ya mkoa, Julai hadi Septemba 2024. Nilipokea wateja wapya na kuchukua historia zao, nilipima dalili za sonona kwa dodoso la PHQ-9, nilishiriki vikao vya ushauri kwa watu wazima wenye sonona na wenye shida ya pombe, niliandika kumbukumbu za vikao na kuzipitia kila wiki na msimamizi wangu. Waliokuwa na dalili za kujidhuru niliwafikisha kwa daktari siku hiyohiyo." Hapo mtu amekuona ukiwa kazini. Kama ulikuwa unaangalia tu, andika ulishiriki kama mwangalizi, si aibu, kila mtu ameanzia hapo, na sisi tunamthamini zaidi anayejua mipaka yake kuliko anayedai alikuwa anatibu watu peke yake akiwa mwaka wa tatu.

Ila kila neno utakaloweka ujue utaulizwa. Mfano hiyo PHQ-9, ina maswali 9, kila moja linapata 0 hadi 3, jumla ni 27, hayo kila mtu anakariri. Swali ninalopenda kuuliza mimi kwenye usaili ni la namba 9, lile la mawazo ya kufa au kujidhuru: mteja kasema ndiyo, umefanya nini dakika hiyo? Aliyeitumia kweli anajibu bila kutafuta maneno, anakwambia namuuliza moja kwa moja kama ana mpango na ana kitu cha kutumia, simwachi peke yake, namwita msimamizi, natafuta ndugu mmoja anayemwamini. Aliyeiokota kwenye CV ya rafiki yake anaanza kuzungumzia jumla ya alama.

Sasa nije kwenye kitu ambacho naona ndo kinawaangusha vijana wengi na hakuna anayewaambia, SIRI YA MTEJA. Mtu akishaambiwa aonyeshe uzoefu anakwenda upande wa pili kabisa, anaandika kesi nzima. Tumewahi kupokea CV ambayo mwombaji ameeleza binti aliyemhudumia, umri wake, darasa analosoma, kata anayotoka na nani wa nyumbani kwao aliyemfanyia ukatili. Jina hakuweka, ni kweli, lakini kwa mtu wa kata ile jina la nini tena? Mwombaji mwenyewe alikuwa na vyeti vizuri tu. Hakuitwa, kwa sababu kama kesi ya mtoto inaingia kwenye CV inayotumwa ofisi kumi, huko ofisini atazungumza nini na nani? Na hapo kuna sheria, si adabu ya kazi tu. Hapa Tanzania Sheria ya UKIMWI ya 2008 inataka majibu ya kipimo cha VVU cha mtu yatunzwe kwa siri, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inaziweka taarifa za afya kwenye zile nyeti. Kwa hiyo CV yako yenyewe ni usaili wa kwanza wa kutunza siri, tena unafanyika wewe haupo.

Namna ya kuliandika ni kutaja kundi, shida na kazi uliyofanya, basi. "Watoto wa umri wa shule waliopitia ukatili, vikao vya mmoja mmoja na vya vikundi kwa kutumia michoro na michezo, kuwasindikiza Dawati la Jinsia la polisi na ustawi wa jamii." Inatosha kabisa. Usiunganishe umri, mahali na tukio kwenye sentensi moja. Na tafadhali sana, picha ukiwa na watoto wa kituo usiambatanishe, najua unaona inaonyesha upendo wako kwao, lakini wale watoto hawakukuruhusu wawe sehemu ya maombi yako ya kazi. Ripoti ya kesi uliyoandikia chuo nayo usiitume hata kama ulipata A. Wakitaka kuona unavyoandika watakupa kesi ya kubuni uifanyie kazi.

Kwenye mafunzo wengi wanaongeza chumvi. Ukihudhuria semina ya siku mbili ya CBT, ile tiba ya kubadili fikra na tabia, andika hivyohivyo, semina, siku mbili, mwaka fulani. Usijiite mtaalamu wa CBT. Kama umefundishwa huduma ya kwanza ya kisaikolojia, au PM+, ule msaada mfupi wa kisaikolojia wa Shirika la Afya Duniani wenye vikao vitano, iweke juu kabisa maana mashirika mengi yanaitafuta, halafu sema kama baada ya mafunzo ulisimamiwa ukiitumia au iliishia kwenye cheti. Cheo nacho uwe makini. Mwenye digrii ya kwanza asijiandike mwanasaikolojia tiba, watu wanasomea masters ya kazi hiyo pale MUHAS, chuo kikuu cha afya cha Muhimbili, na kwenye meza ya usaili anaweza kuwepo mmoja wao. Wewe andika mhitimu wa saikolojia, mshauri wa kisaikolojia, linatosha na ni la kweli.

Lugha! Hapa watu wanaandika Kiswahili na Kiingereza wanafunga, wakati mtu akiumia anarudi kwenye lugha ya nyumbani kwao. Kama umekulia Kigoma na unajua Kiha, unasikilizana vizuri na mkimbizi anayeongea Kirundi, na mwajiri wa mradi wa wakimbizi anakutafuta wewe hasa. Bibi wa Magu ambaye mawazo yake yote yako kwenye Kisukuma hawezi kufunguka kwako kupitia mjukuu wake anayetafsiri, tena mjukuu huyo pengine ndo sehemu ya tatizo. Andika kila lugha na kiwango chake, na lugha ya alama ukiwa nayo usiifiche chini huko.

Wadhamini weka wale waliokuona ukifanya kazi. Naona watu wanaweka mchungaji, mjomba, diwani. Mchungaji anajua tabia yako lakini hajawahi kukuona kwenye kikao, msimamizi wako wa field hata kama ni muuguzi wa kawaida ana uzito kuliko diwani. Mpigie kwanza umwambie umemweka, mkumbushe ulikuwa kipindi gani, maana tunawapigia kweli na mdhamini akisema "huyo ni nani" mambo yanaharibika hapohapo.

Kuna kitu nasema kwa upole maana najua kinatoka moyoni. Wengi wenu mmeingia fani hii kwa sababu mmepitia maumivu yenu na mnataka kuyaeleza kwenye barua ya maombi. Si vibaya, na wala hakuna mshauri anayekudharau kwa hilo. Ila sentensi moja yatosha, kwamba uzoefu wa nyumbani ulikufanya uipende kazi hii. Msomaji hajajiandaa kubeba habari yako nzima na wewe hujui inasomwa na nani. Iwekee watu unaowaamini.

Serikalini mambo ni tofauti. Maombi yanapita Ajira Portal, ule mfumo wa serikali wa mtandaoni, na unajaza taarifa humohumo, kwa hiyo soma tangazo neno kwa neno, wanataka vyeti vilivyothibitishwa na barua iliyosainiwa, na provisional results au testimonial hawapokei. Mtu anaachwa kwa hilo tu kabla hata ya kuangaliwa amefanya nini. Kwenye mashirika kurasa mbili zinatosha, tuma PDF yenye jina lako. Kabila, dini na hali ya ndoa toa kama hawajauliza. Nafasi ikiwa ya watoto, taja kama una cheti cha polisi cha tabia njema na kama umepata mafunzo ya ulinzi wa mtoto. Walioko Kenya wanaosoma hapa, nyie mna sheria yenu ya washauri na wanasaikolojia ya 2014, kwa hiyo uanachama wa KCPA, chama chenu cha washauri, na usajili wenu uwekeni ukurasa wa kwanza.

Usitume CV moja kila mahali. Tangazo likisema manusura wa ukatili, kile kituo cha watoto kipandishe juu. Likisema afya ya akili hospitalini, field ianze. Kazi ni zilezile, unabadilisha tu nani atangulie.

Sasa fanya hivi, iandike upya ile sehemu ya field na ya kituo, mistari minne minne, toa jina la hospitali, la kituo na chochote kinachoweza kumtambulisha mtu, halafu ibandike hapa chini. Nitaipitia jioni nikitoka kazini na wengine wenye uzoefu wataongezea.