Wasomaji Wanauliza: Bethidei ya kijana kwenye bustani ya michezo

Barua za safari hii zimekaribiana. Wengi mnataka siku ya kuzaliwa ya kijana isherehekewe kwenye bustani za michezo, hasa zile za maji za ukanda wa pwani, kama iliyopo Kunduchi, Dar es Salaam. Viingilio hatukuviandika kwa sababu hubadilika. Piga simu siku mbili kabla, uulize kijana wako atatozwa kama mtoto au kama mkubwa, keki na chakula cha nje vinaruhusiwa au la, na kama kuna mtelezo wowote uliofungwa kwa matengenezo. Hilo la mwisho watu hulisahau, wakafika na kukuta ule mtelezo walioufuata umezungushiwa kamba.

SWALI: Habari za kazi. Binti yangu anatimiza miaka 15 na anataka twende bustani ya maji. Tulipanga kwenda familia nzima: mimi, baba yake, bibi yake, na wadogo zake wa miaka 7 na 10. Yeye anataka aende na rafiki zake peke yao, eti tukiwepo tutamwaibisha. Tufanyeje? – Mama wa watatu, Tabata

JIBU: Mama, nendeni wote, ila mkishaingia kila kundi likae kwake. Mruhusu aalike rafiki mmoja au watatu, si wawili. Maboya mengi ya kuteremkia hubeba watu wawili wawili. Wakiwa watatu pamoja na binti, kila mzunguko kuna mmoja anayebaki juu ya ngazi akisubiri, na ikifika mchana huyo ameshanuna. Zungumza mwenyewe na wazazi wa waalikwa badala ya kutegemea ujumbe wa watoto. Uliza kama mwenzao anajua kuogelea, na kama ana pumu, kifafa au selimundu. Mwenye kifafa asiingie majini bila mtu mzima wa kuwa naye hatua moja. Mwenye selimundu adui yake ni baridi: akitoka majini ajifute na avae nguo kavu palepale, asisimame kwenye foleni na nguo iliyolowa huku upepo wa bahari unampuliza, na anywe maji mara kwa mara, maana baridi na kiu vinaweza kumwanzishia maumivu.

Kabla ya michezo, mpimeni kila kijana, hata anayeapa kwamba anajua kuogelea. Aanze kwenye maji ya kifuani. Akionekana yuko sawa, ahamie kina kinachompita kimo mbele ya mwokoaji: azame, aibuke, aelee dakika moja bila kushika ukuta, ageuke mzunguko mzima, aogelee mita 25, kisha atoke bila kutumia ngazi. Akishindwa hata kimoja, abaki maji ya kifuani au avae jaketi la kuokoa maisha.

Jambo moja usilipe nafasi hata kidogo: shindano la kubana pumzi chini ya maji. Vijana huvuta pumzi harakaharaka mara nyingi kabla ya kuzama wakidhani wanajaza hewa. Wanachofanya ni kupunguza kabonidayoksaidi mwilini, na hiyo ndiyo humfanya mtu ajihisi lazima apumue. Hisia hiyo ikichelewa, oksijeni huisha kwanza, na kijana anazimia kimya, bila kelele wala kutapatapa. Wanaopatwa zaidi ni wale wanaojua kuogelea vizuri, kwa sababu ndio wanaothubutu.

Fikeni milango inapofunguliwa, na saa moja na nusu ya mwanzo iwe ya mitelezo mirefu, kabla foleni haijajaa. Vijana watembee wawili wawili, na kila baada ya saa mbili waje mezani kwenu waonekane sura zao. Mkikubaliana hivyo asubuhi, hutakuwa na haja ya kuwafuata. Picha za pamoja zipigwe mwanzoni, nywele zikiwa kavu, na muulize binti kabla ya kuweka yoyote kwenye status. Aibu anayoiogopa mara nyingi ni hiyo. Kuhusu wadogo: wa miaka 7 awe umbali wa mkono wako muda wote awapo majini. Bibi asiachiwe watoto na mikoba kwa pamoja. Mmoja wenu, wewe au baba, awe zamu ya maji bila simu mkononi, na mpokezane kila nusu saa.

SWALI: Mwanangu alipotimiza miaka 13 tulimpeleka kwenye bustani moja. Mhudumu alimpima kwa fimbo akamkatalia kuingia kwenye mtelezo mrefu, lakini binamu yake wa miaka 11 akapita. Aliumia sana. Kwa nini wasiangalie umri? – Baba, Kisauni

JIBU: Baba, pole kwa mtoto. Lakini mhudumu yule alikuwa sahihi. Kimo ndicho kinachoamua mwili utakaaje ukiwa kwenye mwendo. Kwenye mtelezo wa kuteremka bila boya, mtu mfupi hugeuka kirahisi na kuanza kuteremka kichwa mbele, na anapoangukia bwawa la chini maji yanaweza kumfika puani akiwa bado anayumba. Kwenye treni za kuporomoka ni hivyohivyo: nondo ya kufungia hukaa juu ya mapaja na nyonga, na mwili mfupi unaweza kuchomoka chini yake. Mitelezo mingi mikali huanzia kimo cha karibu sentimita 120, na mingine huweka pia kikomo cha uzito, kwa sababu mwili mzito hushika kasi zaidi na kupita mahali pa kusimamia.

Mpime nyumbani, pekupeku, visigino vikigusa ukuta, kitabu kikiwa kimelazwa juu ya kichwa. Piga simu uulize kimo cha kila mtelezo, kisha mwambie mwenyewe kabla hamjaondoka upi ni wake mwaka huu. Kukataliwa juu ya ngazi mbele ya foleni ndiko kunakochoma. Akipanda, alale chali, mikono ameikunja kifuani, miguu ameipishanisha kwenye vifundo. Miguu ikiachana kwenye mtelezo mkali, maji huingia mwilini kwa nguvu na yanaweza kumjeruhi vibaya, hasa wasichana. Na asivae jinzi: zipu na vifungo vya chuma hukwaruza mtelezo, na nguo nzito iliyolowa humkwamisha katikati, huku mwingine yuko nyuma yake anakuja.

SWALI: Rafiki za mpwa wangu wamenunua unga na mayai wampakae kisha wammwagie maji hukohuko bustanini. Nimepewa mimi kazi ya keki. Naomba ushauri. – Mama mdogo, Kinondoni

JIBU: Mama mdogo, unga na mayai vibaki nyumbani. Klorini ya bwawa kazi yake ni kuua vijidudu. Ikikutana na protini ya yai, jasho au mkojo, nguvu yake huishia huko na hutengeneza kloramini, ile inayowasha macho na kutoa harufu kali ambayo watu huidhani ni usafi. Bwawa safi halinuki hivyo, na ukisimama ukingoni unakiona kichujio cha chini waziwazi hata penye kina kirefu. Unga ukilowa juu ya vigae huwa utelezi mtupu, na yai likikauka kwenye nywele zilizosukwa, kulitoa ni kazi ya jioni nzima. Maji ya kummwagia yako tele: mkalisheni kwenye bwawa la watoto, kila mmoja na ndoo ndogo, mwageni mpaka aombe radhi.

Sasa keki. Kilo 1 inatoa vipande 10 vya gramu 100, kwa hiyo watu 20 wanatoshwa na kilo 2. Usiipambe kwa krimu ya siagi halisi. Siagi huanza kuyeyuka kwenye nyuzijoto 32 hivi, na mchana wa Januari Dar hufika hapo hata kivulini. Maua yanateremka ubavuni, herufi za jina zinapinda, na mpambaji analaumiwa bure. Mwombe aipambe kwa fondanti, lile ganda laini la sukari, au uchukue keki kavu yenye safu nyembamba ya jemu. Ilale kwenye friji usiku kucha, itoke muda wa kuondoka. Garini iwekwe sakafuni, si kwenye kiti, maana kiti kimeinama, na chini ya boksi tandika kitambaa kibichi ili lisiteleze. Ikiwa ya ghorofa, ghorofa ya chini ichomekwe vijiti vinne au vitano vilivyokatwa sawa na kimo chake, la sivyo ya juu itazama kwenye tuta la kwanza. Usiiache ndani ya gari lililofungwa hata kwa nusu saa. Deli lenye barafu, kifuniko kimefungwa, linatosha.

Mishumaa haiwezani na upepo wa pwani. Afadhali aizime nyumbani wakati wa chai ya asubuhi. Kulishana keki kufanyike baada ya michezo. Kata vipande vya sentimita 2, kila kimoja na kijiti chake, na asiwepo anayekimbilia mtelezo keki ikiwa bado mdomoni.

SWALI: Mwanangu ana ualbino na anatimiza miaka 14. Anatamani sana bustani ya maji. Ndugu wanasema nisithubutu. – Mama, Tanga

JIBU: Mama, anaweza kwenda, na anastahili. Cha kubadilisha ni saa. Jua la pwani ni kali kuanzia saa nne asubuhi mpaka saa kumi jioni, basi sherehe yake ianze saa kumi. Uliza wanafunga saa ngapi. Akipata saa mbili za jioni bila haraka, amecheza. Kivuli peke yake hakitoshi mchana, kwa kuwa maji, mchanga na saruji nyeupe hurudisha miale kutoka chini.

Avae fulana ya kuogelea ya mikono mirefu na suruali ya kubana inayofika kifundoni, kitambaa kilichoandikwa UPF 50, kipimo cha kuzuia miale ya jua, ukikipata. Fulana nyeupe ya pamba isikudanganye, maana ikilowa hupitisha miale mingi kuliko ikiwa kavu. Inyanyue mbele ya taa. Ukiuona mwanga vizuri, jua nalo linapita.

Mafuta ya kukinga jua yawe SPF 30 au zaidi. Yapo ya Kilisun, yanayotengenezwa hospitali ya KCMC, Moshi, mahususi kwa watu wenye ualbino. Uliza kliniki ya ngozi iliyo karibu nawe au chama cha watu wenye ualbino. Kosa kubwa ni kupaka kidogo. Uso na shingo vinahitaji kijiko cha chai kimoja kilichojaa, kila mkono kimoja, kila mguu viwili, kifua kimoja na mgongo kimoja. Apakwe dakika 20 kabla ya kutoka, bila kusahau masikio, kisogo, midomo na juu ya nyayo, sehemu ambayo karibu kila mtu huiruka. Chupa ikiandikwa kwamba mafuta yanastahimili maji, maana yake ni dakika 40 au 80 majini, si siku nzima. Arudie kila baada ya saa mbili, na kila anapojifuta kwa taulo, kwani taulo huyaondoa.

Macho yake nayo yafikiriwe. Wengi wenye ualbino hawaoni mbali vizuri, na mwanga mkali huwaongezea shida, huku miwani na kofia mara nyingi haviruhusiwi kwenye mtelezo. Mkifika, zungukeni kwanza mkiwa wakavu: aguse ngazi, ahesabu vidato, aone mtelezo unaishia wapi. Rafiki atangulie kidato kimoja mbele yake. Mwambieni mwokoaji wa chini kwamba huenda asione ishara ya mkono, amwite kwa jina.

SWALI: Shikamooni. Natimiza miaka 16 na huenda siku hiyo nikawa kwenye siku zangu. Pia navaa hijabu. Niahirishe? – Binti, Unguja

JIBU: Marahaba, binti. Pedi ya kawaida usiingie nayo majini. Hunyonya maji ya bwawa, ikavimba na kushindwa kazi yake. Zipo nguo za kuogelea zilizotengenezwa kwa ajili ya hedhi, na kuna kikombe cha hedhi. Lolote utakalochagua, zungumza na mama na ulijaribu mwezi unaotangulia, maana siku ya sherehe si siku ya kujifunzia. Ukiona hupendi vyote, sogeza tarehe kwa wiki moja, keki haitajua.

Kuhusu stara, vazi la kuogelea la nailoni au poliesta lenye kofia ya kubana linafaa. Dera na baibui hapana: hupanda juu, huzungusha miguu na kunasa kwenye ngazi. Pini zote zibaki kwenye mkoba.

SWALI: Naishi Ubelgiji. Mpwa wangu anatimiza miaka 13 na nataka kumpeleka Disneyland Paris pamoja na mama yangu mwenye magoti mabovu. – Shangazi, Brussels

JIBU: Dada, kwanza bajeti: pale tiketi ya mtoto ni ya miaka 3 hadi 11, kwa hiyo mpwa wako ni mkubwa. Mkiwa Paris, treni ya RER A inawafikisha kituo cha Marne-la-Vallée–Chessy kwa kama dakika 40, na lango liko hatua chache tu. Mkiingia pitieni City Hall, ofisi ya kuhudumia wageni, kushoto mwa uwanja wa mwanzo, muombe beji ya siku ya kuzaliwa. Ni bure, na wahudumu wakiiona humpongeza siku nzima.

Mpime kabla ya safari. Kwenye treni za kuporomoka, Big Thunder Mountain inataka sentimita 102, Hyperspace Mountain 120, na ile ya Indiana Jones 140, ambayo huwaacha nje vijana wengi wafupi. Akikubali kukaa na mgeni, atumie foleni ya mtu mmoja mmoja panapokuwa nayo, kama Crush's Coaster. Husogea haraka zaidi. Mama mkodishie kiti cha magurudumu karibu na lango mapema asubuhi. Vijana wakiwa kwenye foleni ndefu, yeye apande gari-moshi linalozunguka bustani nzima, na mkutane kwenye kituo alipopandia.