Zawadi yenye sura ya kizamani

SWALI: Asalaam alaykum, Bi Mkubwa. Mdogo wangu anaolewa, atahamia fleti za Michenzani. Anapenda vyombo vya kizamani. Nimpe nini kitakachotumika, kisiwe pambo tu?
Msomaji, Wete

JIBU: Waalaykum salaam, mwanangu. Mie ningeanza na dele la shaba, lile birika la kahawa. Kahawa ikimiminwa kwenye mdomo ule mrefu, chumba kizima kinanukia tangawizi. Lakini nenda na sumaku mfukoni. Ikinata, hiyo si shaba, ni chuma kilichopakwa rangi. Niliwahi kuuziwa birika la namna hiyo Mji Mkongwe. Mwezi haukwisha, mdomo ukaota kutu, na iliniuma sana. Litazame na ndani pia: liwe limetiwa bati, jeupe, bila mabaka.

Kasha la njumu, lile sanduku la mbao lenye mapambo ya madini, ni zuri, ila kulipandisha ngazi zile ni mtihani.

Na hapo hapo Pemba mtafutie kawa la ukili lenye milia, la kufunikia sinia. Lipapase ukingoni, ukili usiwe umeachana.

Mwambie dele alisugue kwa ndimu na chumvi, alisuuze, alikaushe papo hapo.